Baiskeli ya gia kwenye vilima vya Mwanza: maswali tunayoulizwa kila wiki

Ukisimama Igoma na baiskeli yenye shokapu ukingoja wenzako, dakika tano haziishi bila mtu kukusogelea. Wengine wanatania ("hiyo inabeba magunia mangapi?"), wengine wanataka kujua kweli. Yale yanayorudi tumeyajibu hapa. Ya juu ni ya anayeanza. Kama tayari unanyonga, ruka uende kwenye sehemu ya udongo, ndiko kwenye nyama.

## Kwa anayeanza

Mwanza kuna njia za milimani kweli, au ni barabara za vumbi tu?

Zipo, ila hakuna aliyezichonga kwa ajili ya baiskeli. Usitafute mabango wala alama za rangi kwenye miti. Kilichopo ni njia za ng'ombe na za watu waendao kisimani, shambani na mnadani, zilizojikata zenyewe katikati ya mawe kwa miaka mingi.

Njia ya ng'ombe ndiyo bora kuliko zote. Mnyama anayetoka zizini kwenda kunywa maji kila siku hapandi mlima bila sababu. Anauzunguka, anachagua mahali mteremko ulipolala, na anapita pale ambapo jiwe limeacha nafasi ya mwili mmoja. Ukiona njia mbili, moja ya pikipiki na moja yenye kwato, fuata kwato. Ya pikipiki itakupeleka moja kwa moja hadi juu na mapafu yako yataijua.

Vilima vyenyewe si virefu. Kinachochosha ni kwamba havikwishi: unashuka kimoja na kingine kimeshaanza.

Lazima niwe na baiskeli ya bei mbaya?

Hapana. Wengi wetu tunaendesha mtumba. Unapochagua, acha kwanza rangi na stika. Geuza baiskeli miguu juu uangalie fremu nyuma ya shingo kama kuna ufa, zungusha ringi uone kama inayumba, kisha weka gia nyepesi kabisa na unyonge kwa mkono. Kama cheni inaruka, meno yameisha, na kuyabadilisha kunaweza kukugharimu karibu sawa na ulivyoinunua baiskeli.

Baiskeli za kawaida, hizi za Phoenix na Swala zinazobeba mkaa, zinafika kokote tunakofika sisi. Zaidi ya mara moja tumepitwa kilimani na mzee anayesukuma yake kwa miguu, gunia kwenye keria, sisi tukiwa tunanyonga kwa gia ya mwisho. Alitusalimia vizuri tu.

Nikipata pancha kijijini nitapata fundi?

Fundi utapata. Usukuma ni nchi ya baiskeli, na chini ya mwembe wa kila senta kuna mtu mwenye beseni la maji, msasa, solusheni na viraka. Vifaa ndivyo tatizo. Fundi huyo ana tairi, tyubu na spoku za baiskeli kubwa ya inchi 28. Ya inchi 26 unaweza kubahatisha kwenye senta kubwa. Ya 27.5 au 29, sahau. Na kama mdomo wa kujazia upepo ni ule mwembamba wa baiskeli za mashindano, pampu yake haitaingia. Beba tyubu mbili zako, pampu yako na kipande cha kuungia cheni. Yeye mwachie kuziba, maana anaziba kuliko wewe.

Pancha zinatoka wapi hasa?

Mbigiri. Ule mmea unaotambaa chini wenye maua ya njano na vijitunda vyenye miiba, ambavyo vikianguka mwiba mmoja unaangalia juu siku zote. Unajaa kando ya njia, viwanja vya mpira na nyuma ya maduka, yaani pale pale unapopenda kuegesha baiskeli. Miiba ya migunga inakuja ya pili. Hiyo ni mirefu na inatoboa hata tairi jipya. Ukikanyaga mbigiri, usichomoe miiba hapo hapo kama upepo bado haujatoka. Nyonga hadi kwenye kivuli kwanza.

## Njia zenyewe

Mimi ni mgeni. Nianzie wapi?

Anzia Nyegezi kwenda Luchelele. Unaiacha lami, unapita upande wa Malimbe kilipo Chuo Kikuu cha SAUT, kisha unafuata njia zinazopanda na kushuka kati ya mawe, ziwa likijitokeza kila baada ya kona. Hakuna mahali pa kukutisha, na ukichoka unageuza. Rasi ina maji pande nyingi, kwa hiyo kupotea kabisa ni kazi.

Njia ya Bujora ikoje?

Hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Kisesa iko kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Musoma, lakini barabara hiyo ina malori na haina huruma. Ukifika Igoma ingia ndani, uulize njia za nyuma kuelekea Kisesa. Utapita viunga vya minyaa, mashamba ya mihogo na marundo ya mawe yenye pimbi wanaoota jua asubuhi.

Bujora penyewe, hapo Kisesa, ni kilima chenye Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Lipia kiingilio, pumzika, angalia ngoma za watemi. Ukienda mwezi Juni unaweza kukuta Bulabo, sherehe ya ngoma inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi, ambapo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana kuvuta watazamaji. Siku hizo acha baiskeli kwa mtu unayemwamini. Njia zote zimejaa watu na hutanyonga hata hatua kumi.

Na upande wa Igombe na Kayenze?

Ni njia ndefu ya nusu siku au zaidi, kupitia Pasiansi na uwanja wa ndege, kisha Igombe, Sangabuye hadi Kayenze. Ina mwalo baada ya mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotua, dagaa wameanikwa chini, harufu yake unaijua. Usipite juu ya dagaa wa watu, hata ukiona wametanda njia nzima. Shuka, zunguka.

Upepo wa mchana unatoka ziwani. Asubuhi maji yametulia, ila saa nane utakutana nao usoni kwa kila kona inayoangalia maji. Ondoka saa kumi na mbili.

Nataka bonde la mto lenye msitu. Lipo?

Swali hili linaulizwa sana na waliotoka Arusha au Lushoto, na jibu letu huwa linawavunja moyo kidogo. Karibu na jiji, mabonde ya mito ni mashamba. Mto Mirongo unapita katikati ya mji na si mahali pa kuendeshea. Ukielekea Magu unakutana na bonde la Simiyu, mto unaotoka upande wa Serengeti na kumwaga kwenye Ghuba ya Speke. Bonde ni pana na zuri, lakini limevaa majaruba ya mpunga, msitu haupo. Kingo za majaruba zinaonekana kama zimetengenezwa kwa ajili ya tairi. Hazikutengenezwa. Ukiubomoa ukingo mmoja, maji ya mtu yanahamia kwa jirani, na ugomvi utakaoufufua umekuzidi umri.

Msitu wa kweli upo ng'ambo. Ukerewe kuna Rubya, shamba la miti la serikali lililo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na humo unapanda na kushuka kilima kwenye kivuli cha misonobari, chini pamejaa sindano zake zilizokauka. Tairi haitoi sauti. Kwa mtu aliyezoea mawe ya Mwanza, ukimya ule unashtua. Mara ya kwanza nilisimama nikidhani nimepata pancha. Upande wa Buchosa kuna shamba la Buhindi, nalo la TFS. Kote kuwili pita ofisini kwao kwanza ueleze unakokwenda. Ndani kuna ukataji, magari ya magogo na vipindi vya moto wa kiangazi, na ni vizuri mtu ajue upo.

Sehemu nyingine yenye miti minene ni ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi ziote kwa ajili ya kiangazi. Miti imerudi humo kwa sababu watu wameyalinda. Yana mwenyewe, hata kama hayana uzio. Usipite bila kuuliza.

Ukerewe nafikaje na baiskeli?

Kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, safari ya karibu saa tatu au zaidi, au kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya halafu kivuko cha Rugezi. Kwenye meli baiskeli inakatiwa tiketi ya mzigo. Ifunge mwenyewe, uvue pampu na chupa, na uombe isilazwe chini ya matenga.

Daraja la Kigongo–Busisi?

Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa Juni 2025 na lina urefu wa kilomita 3. Limetuondolea foleni ya kivuko, na limefungua upande wa Sengerema kwa safari ya siku moja. Kuvuka kwenyewe hakuna cha milimani: ni lami, upepo wa ubavuni na picha nyingi.

Kuna vijana wameweka video wakishuka ngazi za vilima vya mjini. Ni wapi?

Hatusemi. Mabatini, Igogo na Isamilo kuna vichochoro ambavyo mlango wa nyumba unafungukia njiani moja kwa moja. Mama anatoka na ndoo ya maji kichwani bila kuangalia kulia wala kushoto, na kwa nini aangalie? Ni kibarazani kwake.

## Udongo na mvua

Niende miezi gani?

Juni hadi Septemba ni kiangazi. Vuli huanza karibu Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Lakini mwezi peke yake hautakusaidia kama hujui unapita kwenye udongo gani, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Soma jibu linalofuata.

Kwa nini njia ile ile niliyopita vizuri Jumamosi iliyopita imenishinda leo?

Kwa sababu hukupita kwenye njia moja. Ulipita kwenye tano. Wasukuma wameipanga nchi yao kwa udongo tangu zamani, kuanzia kileleni hadi bondeni, na kila udongo una jina. Majina hayo ni ya wakulima, lakini hakuna ramani ya baiskeli inayoyafikia.

Juu kabisa ni *luguru*, mawe matupu. Itale ya hapa ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na ikiwa kavu inashika tairi kama msasa. Unaweza kupanda mwinuko ambao kwenye udongo usingeuthubutu. Angalia tu rangi: pale jiwe lina michirizi myeusi maji hupita, na yakipita kuna utelezi kama sabuni.

Chini ya mawe ni *isanga*, mchanga mkubwa uliosagika kutoka kwenye jiwe lenyewe, na ukishuka zaidi unakuta *luseni*, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Hapa kanuni inageuka. Kiangazi ndipo pabaya, tairi la mbele linazama na usukani unafanya unavyotaka wenyewe. Baada ya mvua ndogo mchanga unashikana na kuwa njia tamu kuliko zote. Punguza upepo kwenye tairi, kaa nyuma ya siti, usikate kona ghafla.

Kisha *itogolo*, udongo wa kijivu mgumu kama sakafu. Kiangazi utakimbia hapo hadi ucheke. Mvua ikinyesha maji hayaingii, yanasimama juu, na unakuta dimbwi ambalo huoni chini yake kuna nini.

Mwisho kabisa, bondeni, ni *mbuga*, udongo mweusi. Kiangazi unapasuka, na nyufa zake zinaweza kumeza tairi la mbele. Zivuke kwa pembe, usizifuate. Ukiloa, geuza. Si ushauri wa uoga. Tuliwahi kukatisha mbuga upande wa Magu baada ya manyunyu ya nusu saa, tukisema ni mita mia tatu tu. Kwenye mita ya thelathini udongo ulikuwa umejaza nafasi kati ya tairi na fremu, gurudumu halizunguki mbele wala nyuma. Tukakwangua kwa kijiti, tukasukuma hatua kumi, ukajaa tena. Mwishowe tulibeba baiskeli mabegani, na kila kiatu kilikuwa na uzito wa tofali. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi alikaa kwenye kichuguu akatutazama hadi tulipomaliza.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, usiulize tu "mvua imenyesha?" Uliza "imenyesha wapi?" Kama imenyesha, panga safari ya juu, kwenye mchanga. Kama ni kiangazi kikali, shuka kwenye itogolo.

Tairi nijaze upepo kiasi gani?

Kwa mtu wa kilo 70 na tairi pana la inchi 2.2, sisi tunaanzia psi 30 hivi. Kwenye mchanga tunashusha kidogo, kwenye mawe makali tunapandisha. Fundi wa kijijini atakujazia hadi liwe kama jiwe kwa sababu amezoea magunia. Mshukuru, kisha utoe upepo mbele ya safari.

## Watu na mifugo

Nisalimieje njiani?

*Mwangaluka* asubuhi, *mwadila* mchana hadi jioni, *wabeja* kwa asante. Kwa mzee, shikamoo haikosei. Kuna faida ya ziada: ukimsalimia mtu kabla ya kumuuliza njia, anakueleza njia. Usipomsalimia, anakuonyesha kidole.

Nikikutana na kundi la ng'ombe kwenye njia nyembamba?

Simama, shuka, kaa upande wa juu wa njia, baiskeli iwe kati yako na wao. Usipige kengele. Msubiri mchungaji wa nyuma, mara nyingi ni mtoto, naye atakuambia wakati wa kupita.

Mimi ni mwanamke. Naweza kwenda?

Huku mwanamke kwenye baiskeli si habari. Mama zetu wameendea mnadani na kliniki kwa baiskeli miaka yote. Swali la kujiuliza ni la upweke, na linamhusu mwanamume pia. Kwenye mawe yaliyo mbali na nyumba usiende peke yako. Nendeni wawili au watatu, na mmoja wa kijiji akiongezeka ni bora zaidi.

Kuna mahali hatupaswi kupita?

Maeneo ya jeshi (yana mabango, na hayataniwi), yenye minara, na uzio wa uwanja wa ndege. Kuna pia mawe ambayo watu hufanyia matambiko. Ukikuta chungu, kitambaa au majivu chini ya jiwe, usipande juu kupiga picha. Kwenye vijiji usivyovijua, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wapo tangu miaka ya 1980 na wageni wanaozunguka vilimani bila kueleweka wanawahusu.

## Afya na usalama

Naweza kuosha baiskeli ziwani?

Usiingie majini. Kichocho kipo kandokando ya Ziwa Victoria, na vijidudu vyake vinapenya ngozi ndani ya dakika chache ukiwa umesimama kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono na matete, yaani mahali ambapo mtu angesimama kuosha baiskeli. Omba ndoo, osha nchi kavu. Kama umeshaingia, nenda ukapimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa yake, praziquantel, ipo.

Viboko na mamba?

Kiboko anatoka usiku kula nyasi na anarudi na njia yake ile ile. Ukiona kama handaki la chini kwenye matete, pana kuliko la ng'ombe, hilo ni lake. Usilitumie kama njia ya mkato alfajiri wala jioni. Na usikae ukingoni mwa maji ukiziba pancha.

Minyaa ina shida gani?

Maziwa yake. Tawi likivunjika kwenye usukani wako, utomvu mweupe unaruka, na ukiingia jichoni maumivu yake si ya kusimulia. Vaa miwani kwenye vichochoro vya minyaa hata kama hakuna jua. Ukiingiwa, osha kwa maji safi mengi, usifikiche, kisha nenda hospitali.

Nibebe chakula gani?

Maji lita mbili au zaidi kwa nusu siku. Chakula, tunabeba matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Haviharibiki kwa jua, haviyeyuki kama chokoleti, na ukitafuna kimoja kinakuchukua kilima kizima. Michembe iache nyumbani, hiyo inataka kupikwa.

## Mambo ya pembeni

Radi ikianza nikiwa juu ya mawe?

Shuka mara moja, usingoje tone la kwanza. Usijifiche kwenye pango la jiwe wala chini ya mti uliosimama peke yake. Nyumba yenye kuta na paa ndiyo kimbilio, na hakuna mtu wa huku atakayekunyima kibaraza wakati wa mvua.

Nimechelewa na giza linaingia. Nifanyeje?

Mwanza jua linazama kama saa moja kasoro, mwaka mzima karibu sawa, na giza linafuata upesi. Ukiona hutafika, achana na njia ya mawe, shukia barabara ya magari iliyo karibu hata kama inakuzungusha. Taa mbele na nyuma, hata kwa safari ya mchana. Bodaboda watakubeba na baiskeli yako ukiwaomba. Utaishika begani, ringi moja ikining'inia nje. Patana bei kabla ya kupanda, na mwambie aende polepole kwenye matuta.